Mstaafu na Mzunguko Wangu wa Maji

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Anakwenda kwa binti yake mkubwa anayekaribia kujifungua, atarudi Jumapili ya wiki ijayo. Nilimbebea begi hadi kwenye basi. Zito! Nadhani amebeba nyumba nzima, akatuachia kuta.

Na ametuachia Mstaafu. Mstaafu ni samaki. Rangi ya chungwa, tumbo jeupe, mashavu ya mtu anayekula pensheni yake taratibu. Marehemu baba mkwe alijinunulia siku aliyostaafu kazi, ndiko jina lilikotoka. Mzee alipofariki, mama akahamia kwetu, na tangi la vioo likaja nyuma yake. Likawekwa sebuleni, kwenye meza iliyo ubavuni mwa kochi langu. Kila asubuhi mama humsalimia samaki kwanza, ndipo atusalimie sisi.

Masharti niliyoachiwa: chakula kidogo tu, kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili. Nisipige kelele karibu naye. Nisiguse kitu. Hilo la mwisho alilirudia akiwa dirishani mwa basi, mbele za watu.

Basi likaondoka, nikarudi nyumbani. Leo sina kazi. Nikajinyoosha kochini. Mara grrr! Kuna kimashine kidogo kinachosukuma hewa ndani ya tangi ili samaki apumue, na kelele yake ni ya lori linalopanda mlima. Mama akiwepo siwezi kulalamika. Leo hayupo. Nikakifungua, nikitie mafuta kidogo tu kilainike. Mafuta ya kupikia, hakukuwa na mengine. Nilipokifunga tena, ilibaki skrubu moja na kitu fulani cheusi cha mpira. Nikakiwasha. Kikasema grr mara moja, kikanyamaza. Sebule ikanuka jikoni.

Ukimya mzuri ajabu! Nimelala usingizi wa mchana ambao sijaupata tangu mama ahamie. Nilipoamka nikamkuta Mstaafu amepanda juu kabisa, mdomo kwenye uso wa maji, anafungua na kufunga kama mtu anayetafuta neno. Skrubu nimeificha mfukoni.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ni muuguzi. Alirudi kutoka zamu, hata viatu hakuvua, akauliza mbona kumetulia. Nikasema kimashine kinapumzika. Akamtazama Mstaafu, akanitazama mimi, akasema mgonjwa anakosa hewa, na akataka kujua nimefanya nini. Nilijitia hamnazo kwa muda. Halafu nikatoa skrubu mfukoni.

Akataka kumpigia kaka yake.

Kaka yake! Shemeji ni fundi friji. Haendi popote bila sanduku la vifaa. Siku ya harusi yetu alitengeneza friji ya ukumbini akiwa na suti yake, na mpiga picha alimpenda mno. Albamu yetu ya harusi ina picha nyingi za shemeji na friji kuliko za bwana harusi.

Nikasema hapana. Nitatengeneza mwenyewe. Tena nimechoka na viputo, natengeneza mzunguko kamili: maji yatoke, yachujwe, yapate hewa, yarudi. Katika ukoo ule mtu mmoja tu hakuwahi kuvicheka vitu ninavyotengeneza, naye ni baba mkwe. Hata ile rafu iliyomwangukia. Alipapasa kichwa, akasema mkono wangu unataka kazi.

Mfumo wa kwanza tayari. Ndoo juu ya kabati, mpira kutoka kwenye ndoo hadi kwenye tangi. Maji yanashuka yenyewe! Bila umeme! Kasoro ni moja, kwamba kurudi juu hayarudi yenyewe. Hapo injini ni mimi na jagi. Nachota, napanda stuli, namimina. Mstaafu amechangamka kabisa, mimi sijiwezi. Nilimwomba mke wangu tupokezane zamu. Akasema zamu anazo za kutosha.

Jumatano, 5 Machi

Mabega hayanyanyuki. Kazini mimi ni mtunza stoo, katika ofisi yenye vitu vingi vilivyokufa. Bosi akaniomba nimshushie kasha la karatasi kutoka rafu ya juu. Nikamwomba alishushe mwenyewe. Hakupenda.

Mfumo wa pili. Fundi wa mashine za kufulia, mtaa wa nyuma, alikuwa na pampu aliyoitoa kwenye mashine mbovu. Akanionya kwamba ina nguvu. Nikasema hiyo hiyo ndiyo ninayoitaka. Akauliza samaki mwenyewe ana ukubwa gani. Nikamwonyesha kwa mikono, nikatia chumvi kidogo.

Nikaitumbukiza, nikawasha. Jamani! Maji yote yakageuka kimbunga. Kokoto zikapaa. Mstaafu akapita mbele yangu. Akapita tena. Akapita tena, na kila akipita ananitazama kwa jicho lile lile. Soketi iko nyuma ya kabati. Nikalala kifudifudi, mkono haufiki. Mke wangu ndiye aliyechomoa waya. Alisimama tu ameushika waya ule, na mimi niko sakafuni, na kokoto zinaendelea kutua moja moja.

Maji yalitulia, Mstaafu hakutulia. Aliendelea kuzunguka peke yake, kwa mazoea. Mke wangu anataka kumpigia kaka yake. Nimemsihi anipe hadi Jumamosi. Nimerudi kwenye stuli na jagi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Mtoto amezaliwa! Wa kiume, mzima, na amepewa jina la marehemu babu yake. Tukashangilia. Kisha mama akataka kuongea na Mstaafu.

Nikafungua sauti, nikaishikilia simu kwenye kioo. Akampa habari zote za mtoto, uzito wake, pua yake. Akamwambia jina la mzee limerudi nyumbani. Akamwambia kwamba wamebaki wawili tu, yeye na samaki, wanaojua mzee alikuwaje asubuhi akiamka. Mstaafu alikuwa amegeukia upande wa pili, lakini nadhani alisikia. Mke wangu akaingia jikoni akafungulia bomba ili tusimsikie analia.

Nimeogopa. Nasema kweli, leo ndipo nilipoogopa. Samaki huyu akifa mikononi mwangu, mama atakuwa amefiwa mara ya pili, na aliyemuua nitakuwa mimi na mafuta ya kupikia.

Kabla ya kuaga, mama aliuliza mbona hakisikii kimashine. Nikafanya grrr kwa mdomo. Akaendelea kuzungumza! Habari za wageni, habari za hali ya hewa, habari za mkwe mwenzangu anayempikia mkewe uji kila siku. Nikaendelea na grrr hadi akakata. Midomo imekufa ganzi.

Ijumaa, 7 Machi

Imefanya kazi! Niandike polepole, maana hata kalamu leo nzito.

Kule stoo kuna feni ya maji, zile zinazopuliza hewa ya baridi, iliyokufa muda mrefu. Ndani yake kuna pampu ndogo, nzima kabisa, mpole. Nikamwomba bosi. Akasema nichukue, mradi Jumatatu nimshushie kasha lake.

Mfumo wenyewe uko hivi. Juu kabisa ubavuni mwa tangi kuna tundu alilolitoboa baba mkwe mwenyewe, lina kipande cha bomba, ili maji yakizidi yatokee hapo. Kazi safi! Ukipitisha kidole hukwaruzwi popote. Kwenye bomba hilo nimeunga mpira unaoshuka hadi kwenye ndoo iliyo chini ya meza. Ndani ya ndoo kuna sponji na kokoto za kuchuja, na pampu imekaa humo humo, inayarudisha maji juu kwa mpira wa pili. Mpira huu wa pili nimeuzamisha hadi sakafu ya tangi, ili maji yakiingia yasipige kelele. Katika mambo haya yote adui yangu ni kelele.

Yanashuka, yanachujwa, yanapanda. Kimya kabisa. Mstaafu aliteremka kutoka juu, akausogelea mdomo wa mpira, akakaa mbele yake akipepewa. Nami nikakaa chini nikamtazama. Natamani baba mkwe angeliona hili. Nimechoka mpaka kope, lakini roho imetulia.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja. Sikumwita. Mke wangu anasema alikuwa anapita tu. Anapita tu, na sanduku la vifaa, na tochi kichwani!

Akauzunguka mfumo wangu, mikono nyuma, kama mkaguzi. Akacheka. Akauliza ni ng'ombe gani anakamuliwa kwenye ndoo hii. Halafu akauliza umeme ukikatika itakuwaje. Nikamjibu pampu itasimama, kama friji zake zinavyosimama. Akasema pampu itasimama ndiyo, lakini maji hayatasimama. Yatarudi chini kwa mpira ule ule yaliyopandia. Akaniuliza sijawahi kuona watu wakinyonya mafuta kwenye pipa kwa mpira? Yakishaanza kushuka nani anayazuia? Akaingia kwenye habari ya hewa, kwamba mpira unahitaji mahali pa kuvutia hewa. Nikaona sasa ananifundisha sebuleni kwangu, mbele ya mke wangu. Nikasema nakwenda kutengeneza chai.

Nilikaa jikoni kwa makusudi. Nilisuuza vikombe vilivyokuwa safi. Nilifuta sukari iliyomwagika, nikamwaga nyingine, nikafuta.

Niliporudi alikuwa anafunga sanduku lake. Akanywa chai, akasema nimejitahidi. Nimejitahidi! Hilo ndilo neno walilokuwa wananiandikia shuleni kwenye somo la kuimba.

Jumapili, 9 Machi

Hujuma!

Asubuhi nimejilaza kochini, tone likaniangukia sikioni. Nikainuka. Nikasikiliza. Ss, ss, ss. Kwenye mpira wangu wa kupandishia maji, juu kidogo ya usawa wa maji, kuna kitundu. Kidogo tu, cha kupita msumari mwembamba. Maji yanaruka hapo, mengi yanaangukia ndani ya tangi, mengine yanaangukia mto wa kochi, pale pale ninapoweka kichwa. Nikakipapasa kitundu. Kingo zake zimeungua. Msumari wa moto! Na jana nani alikuwa hapa na sanduku la vifaa, mimi nikiwa jikoni nimebanwa na vikombe?

Mke wangu akasema alimwona akitoboa, na kwamba kaka yake lazima alikuwa na sababu, nimpigie nimuulize. Sababu naijua. Wivu! Mtu amepoza vitu maisha yake yote, ghafla anaona maji yanazunguka nyumbani kwa dada yake bila yeye kushika bisibisi. Lazima aache alama.

Nikaukausha mpira. Nikatia gundi. Juu ya gundi nikazungusha utepe wa mafundi bomba, na juu ya utepe nikakaza waya kwa koleo. Aje sasa tumwone! Kimya kimerudi, mto umekauka juani, nimelala mchana wote. Mke wangu alipita akasema kwamba, kusema kweli, Mstaafu anapendeza. Nilikuwa nimefumba macho lakini nilisikia. Sijasikia neno kama hilo katika nyumba hii tangu nilipotengeneza kengele ya mlango, na hilo lilikuwa kabla haijashika moto.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemshushia bosi kasha lake. Mgongo ukalia.

Shemeji alipiga simu. Akauliza mfumo unaendeleaje. Akauliza kama mpira unarusha maji vizuri pale juu. Hana haya! Anataka nilalamike apate kucheka. Nikamwambia unarusha vizuri sana, tunafurahia. Akasema sawa, basi tuko salama. Nikaagana naye kwa heshima zote. Nimempiga chenga.

Jumatano, 12 Machi

Kumbe naweza. Kazini nimewaeleza wote, hata mlinzi wa getini, ambaye alikuwa amekaa na hakuwa na pa kukimbilia. Bosi ana tangi la samaki pale mapokezi, maji yake yana rangi ya chai. Akasema nikipata nafasi nimtazamie. Bosi huyu hajawahi kuniomba kitu kisichohusu kasha.

Jioni nilimpandisha fundi cherehani, anayekaa chumba cha chini yetu, aje aone. Akatazama ndoo. Akasema yeye mambo ya samaki hayajui, ila angependa kujua kama kitu hiki kinaweza kuvuja, maana meza yake ya kazi iko chini ya hapa hapa na ana suti ya bwana harusi. Nikacheka. Nikampiga begani, nikamwambia alale usingizi mnono. Akashuka anatazama nyuma.

Uchovu wa siku zile za jagi haujaondoka. Umetoka mabegani umehamia mgongoni, nadhani umepanga chumba. Lakini Mstaafu anakula, mama anarudi Jumapili, na mimi nitakuwa nimesimama karibu na tangi nikimngoja aulize.

Alhamisi, 13 Machi

Umeme ulikatika. Mchana, sote tuko kazini.

Nilipofika nilimkuta fundi cherehani amesimama kwenye ngazi, koti la suti amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto aliyezimia. Linatona. Salamu hakuitikia. Alisema tu kwamba ile ndoo inavuja. Nikazipanda ngazi roho mkononi.

Mke wangu alikuwa ametangulia. Zulia limelowa chapachapa. Ndoo imejaa pomoni, tangi tupu. Pampu ilisimama, maji hayakusimama. Yalirudi yote kwa mpira wangu, kuanzia sakafu ya tangi nilikouzamisha, yakajaza ndoo, yakamwagika, yakaenda kwa bwana harusi. Mstaafu alikutwa amelala ubavu juu ya kokoto, katika maji yasiyofunika hata tumbo. Mke wangu amemhamishia kwenye sufuria kubwa, mezani. Mdomo unafunguka kwa taabu. Nikauliza yuko hai? Akanijibu kwa sauti ile anayowajibia jamaa za wagonjwa, kwamba wanafanya kila linalowezekana. Akanipa jagi.

Nikaanza. Nachota, nainua juu, namimina, ili maji yashuke na hewa. Nachota, nainua, namimina. Ule mfumo wangu wa kwanza kabisa, mimi nikiwa ndiye injini. Sikuwa na nguvu hata ya kujitetea.

Shemeji alifika. Safari hii aliitwa, na safari hii hakucheka. Akaukagua mpira. Akauliza nani ameziba tundu. Nikasema labda ni joto. Akautazama utepe. Akautazama waya uliokazwa kwa koleo. Akanitazama. Hakuna aliyesema kitu kuhusu joto.

Kisha akaeleza, nami sikuwa na pa kwenda, jagi liko mkononi. Pampu ikisimama maji huanza kurudi chini. Mpira ukiwa na tundu juu ya usawa wa maji, huvuta hewa pale, mvuto unakatika, maji yanasimama hapo hapo. Ni tundu tu. Akasema si yeye aliyelibuni. Alifundishwa na baba yake, kwenye tangi hili hili.

Hilo limeniuma kuliko zulia. Miaka yote ile mzee alinisifia mkono, na siri ya tundu akampa mwanawe. Labda alijua mimi ningeliziba.

Tukapokezana jagi. Mimi, shemeji, mke wangu, mimi tena. Fundi cherehani naye akapanda, koti begani, akashika zamu yake bila kunitazama. Nilikuwa namwaza mama na simu ile kwenye kioo, na kila nikimwaza nainua jagi juu zaidi. Jua lilipokuwa linazama Mstaafu alitikisika. Akajiinua, akakaa sawa, akapiga mkia mara moja, maji yakamrukia shemeji usoni. Mke wangu akakaa chini pale pale kwenye zulia lililolowa akalia waziwazi. Na mimi nililia, ila nilikuwa nimelowa tayari, haikuonekana.

Ijumaa, 14 Machi

Umeme ulirudi jana ile ile. Leo shemeji ameurudisha mfumo wangu, na mpira mpya. Tundu ametoboa mbele ya macho yangu, polepole, msumari umewekwa kwenye moto, huku ananiuliza kama kuna chai ya kutengeneza. Akachomoa waya wa umeme tuone. Maji yakaanza kushuka, tundu likavuta hewa, kru, yakasimama. Akachomeka tena, yakapanda. Ss, ss, ss.

Mke wangu kaniapisha, mkono wangu juu ya kioo cha tangi, kwamba sitagusa gundi, utepe wala waya. Nimeapa. Nimemwomba radhi fundi cherehani pia. Koti limesinyaa. Anasema bwana harusi anaweza kulivaa, ila asinyanyue mikono. Nimeahidi kuhudhuria.

Zulia liko nje kwenye kamba. Mimi nami nilistahili kuanikwa.

Jumapili, 16 Machi

Mama karudi. Hakutua begi, hakukaa, alikwenda moja kwa moja kwenye tangi. Nilishika ukuta. Mstaafu alisogea hadi kwenye kioo, akakaa mbele ya uso wake. Mama akasema amepungua mwili, na kwamba inampendeza, alikuwa anakula mno. Akauliza zulia liko wapi. Nikasema tumelifua. Ni kweli kabisa.

Kisha akauona mpira. Akauona uzi mwembamba wa maji unaoruka kwenye kitundu. Akakinga kidole, maji yakaanguka juu ya kidole. Akasema marehemu alikuwa akitoboa hivi hivi, na hiyo ss ss ndiyo sauti iliyokuwa ikimwamsha mzee asubuhi. Baada ya mzee kufariki, kabla mama hajahamia kwetu, mpira wa zamani ulipasuka, kikanunuliwa kile kimashine, na tangu siku hiyo hakuisikia tena. Machozi yakamlengalenga. Akauliza nani amekumbuka.

Halafu akanigeukia mimi. Shemeji, aliyekuja kumpokea mama, alifungua mdomo, mke wangu akamkanyaga mguu. Nikasema tulisaidiana. Nayo ni kweli, yeye alitoboa na mimi nikaziba.

Mama akanishika mkono, akaniita mwanangu. Akasema mzee alikuwa akinisema vizuri siku zote, kwamba mkono huu unataka kazi, mradi kazi yenyewe iwe mbali na nyumba. Akacheka hadi akajifuta macho. Kumbe maneno yale yalikuwa na mwisho wake! Hata hivyo nimefurahi. Niliubakisha mkono wangu mkononi mwake, sikutaka kuutoa.

Sasa saa nane mchana. Mke wangu yuko kazini. Shemeji kaenda kwa friji ya mtu. Mama kashuka kumsalimia fundi cherehani, natumaini hawatafika kwenye suti. Mstaafu mzima, maji yanazunguka, mimi kochini. Sijawahi kuchoka namna hii.

Ss, ss, ss. Tone, sikioni.

Nimegeuza kichwa upande wa pili. Tone, sikio la pili. Kulihamisha kochi siwezi, mgongo. Gundi nimeapa, utepe nimeapa, waya nimeapa. Nami nimejifunza, simung'unyi maneno: kuliziba tundu moja kwa moja ni ujinga. Kwa hiyo nimechonga kijiti cha kiberiti. Kimeingia kama kilizaliwa humo. Ni cha muda mfupi tu, nikiamka nakichomoa kabla mama hajapanda ngazi, na kesho asubuhi ataisikia ss ss yake.

Kimya, jamani! Umeme haujakatika tangu Alhamisi. Sioni kwa nini ukatike leo.